Sikio sugu linalotoa usaha: namna ya kuamua aina ya upasuaji, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeambiwa kwamba sikio lake, au la mwanawe, limefika pa kufanyiwa upasuaji, na karatasi aliyopewa ina maneno asiyoyaelewa. Upasuaji wa sikio la kati una namna nyingi. Ndugu wawili wenye usaha unaofanana wanaweza kufanyiwa vitu tofauti kabisa, na wote wakawa wametibiwa sawasawa. Uamuzi hufuata mambo manne, tena kwa zamu: uhai, ugonjwa wenyewe, usikivu, halafu maisha ambayo mgonjwa anarudi kuyaishi akitoka wodini. Hilo la nne halionekani kwenye picha yoyote ya hospitali, na hapa Dar es Salaam mara nyingi ndilo linalokata shauri.

Hatua ya kwanza: hakikisha si dharura

Kuna dalili zinazofuta mjadala wote wa njia ipi ni bora. Ukiona mojawapo kwa mtu mwenye sikio linalotoa usaha, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda idara ya dharura leo, hata ikiwa saa nane ya usiku:

- uvimbe nyuma ya sikio, hasa ukilisukuma sikio mbele na chini;
- uso kupinda upande mmoja, jicho kutofumba, chai kumwagika kwenye kona ya mdomo;
- kizunguzungu cha kuona nyumba inazunguka, pamoja na kutapika;
- kichwa kuuma kupita kawaida, shingo kukakamaa, degedege, kusinzia ovyo au kuongea maneno yasiyoeleweka;
- kuona vitu viwili viwili na maumivu nyuma ya jicho;
- homa inayopanda kwa kutetemeka, ikashuka kwa jasho, ikapanda tena.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayopoteza watu. Inafanana mno na malaria. Mgonjwa anapimwa, kipimo kinasema hana, anapewa dawa ya malaria hivyo hivyo, kumbe damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa unaopita nyuma ya mfupa wa sikio. Kwa hiyo ukifika kwa daktari na homa, taja sikio hata kama hujaulizwa. Jambo jingine la kujua ni kwamba usaha unaweza kukatika ghafla siku hizo hizo maumivu yanapozidi. Watu hushangilia kwamba sikio limepona, wakati usaha umekosa njia ya nje na unatafuta ya ndani.

Hospitali za rufaa za mkoa, yaani Amana, Temeke na Mwananyamala, zinaweza kuanza antibaotiki za mshipani na kuandika rufaa ya kwenda Muhimbili. Ombeni dozi ya kwanza ichomwe kabla gari halijaondoka, maana foleni ya Dar mnaijua.

Hatua ya pili: tibu kwanza kwa dawa, tena vizuri

Shirika la Afya Duniani linahesabu sikio kuwa sugu likitoa usaha kupitia ngoma iliyotoboka kwa wiki mbili au zaidi. Wengi wanaofika kliniki wameshatumia dawa kwa miaka, ila hawakuwahi kusafishwa sikio. Tone la dawa likidondokea juu ya usaha halifiki panapouma. Sikio linyonywe kwa mashine au likaushwe kwa utambi safi, ndipo dawa iingie. Matone ya siprofloksasini ndiyo salama zaidi pale ngoma ilipotoboka. Matone yenye jentamaisini au neomaisini yanaweza kuumiza sikio la ndani, na bado watu huyanunua Kariakoo bila cheti. Mafuta ya moto, maji ya kitunguu swaumu na maziwa ya mama yaacheni jikoni.

Usaha usiokoma hata baada ya matibabu ya namna hii upimwe maabara, na kifua kikuu kitafutwe. Kifua kikuu cha sikio kipo. Huja bila maumivu makubwa, pengine na matundu zaidi ya moja kwenye ngoma, na uso unaweza kupinda mapema. Hicho tiba yake kuu ni vidonge vya miezi kadhaa, na kisu hubaki kwa kazi ndogo.

Hatua ya tatu: je, kuna kolesteatoma?

Hapa ndipo njia panda. Ikiwa tatizo ni tundu kwenye ngoma na utando wa ndani uliovimba, upasuaji ni wa kuziba tundu ili mtu asikie vizuri na aoge bila hofu. Hauna haraka. Daktari huchukua kipande cha utando wa msuli ulio juu ya sikio, au gegedu kidogo, akaziba. Watu wengi huulizwa kama wachongwe na mfupa wa nyuma ya sikio pia. Kwa tundu la kawaida lisilo na madhara, faida ya kuongeza uchongaji haijathibitika vizuri, hivyo ukiambiwa lazima, uliza sababu.

Kolesteatoma ni habari nyingine. Si saratani, ingawa jina linatisha. Ni ngozi ya kawaida iliyoingia pasipo pake: kipande cha ngoma, mara nyingi sehemu ya juu, kinavutwa ndani na kufanya kifuko, na kifuko kinajaza maganda ya ngozi kila siku bila pa kuyatoa. Kinakua na kula mfupa. Kwa kawaida huanza na mguu mrefu wa fuawe, kile kifupa cha katikati kati ya vitatu vya kusikia. Kisha hugeukia paa la sikio lililobeba ubongo, mfereji wa neva ya uso, na mifereji nusuduara inayoshika mizani ya mwili. Usaha wake huwa mchache lakini unanuka vibaya. Vijana huacha kukaa karibu na watu kwenye daladala kwa ajili ya harufu hiyo.

Hakuna tone wala kidonge kinachoondoa kolesteatoma. Mgonjwa ambaye mwili wake hauwezi kuhimili nusu kaputi husafishwa sikio kliniki kila baada ya muda, lakini huko ni kuizuia tu isisonge mbele.

Hatua ya nne: vipimo, na kila kimoja kinajibu nini

Uma wa sauti wa 512, yaani unaotetemeka mara 512 kwa sekunde, ni chuma cha bei ndogo kinachosema mengi. Ukiwekwa katikati ya paji la uso, mwenye kasoro ya sikio la kati husikia sauti ikielekea sikio bovu. Ikielekea sikio zima, huenda sikio la ndani limeshaguswa, na hapo hesabu ya usikivu inabadilika. Kipimo kamili cha usikivu, cha masikio yote mawili, kifanyike kabla ya upasuaji. Kinamlinda mgonjwa na kinamlinda daktari.

Kipimo cha CT cha mfupa wa sikio, chenye vipande vyembamba vya milimita moja au chini ya hapo, ndicho ramani. Chukua na sidii ya picha, usichukue karatasi ya majibu peke yake, kwa sababu mpasuaji anataka kuangalia kwa macho yake: paa lina tundu? Ukuta wa mfereji nusuduara wa pembeni umeliwa? Neva ya uso imebaki bila mfupa? Mshipa mkubwa umesogea mbele kiasi gani? Mfupa una vijumba vya hewa au umekuwa mgumu kama wa wagonjwa wengi wa muda mrefu? Dalili za ubongo zikiwepo, CT ifanywe kwa dawa ya kung'arisha mishipa ya damu.

MRI, yaani picha ya sumaku, si ya kila mtu. Kazi yake kubwa hapa ni mbili: kuangalia ubongo na tando zake, na kutafuta kolesteatoma iliyorudi bila kufungua sikio upya. Ile ndogo kuliko milimita tatu hivi inaweza kuikwepa.

Sukari, wingi wa damu na VVU vipimwe pia. Havikatazi upasuaji, ila hubadilisha maandalizi na muda wa kidonda kupona.

Hatua ya tano: zijue njia zenyewe

Mfereji wa sikio na mfupa ulio nyuma yake ni vyumba viwili vyenye ukuta mmoja katikati. Mjadala wote wa miaka na miaka ni kama ukuta huo uachwe au ubomolewe. Kwenye faili utaona herufi CWU kwa kuuacha, na CWD kwa kuubomoa.

Kuuacha ukuta kunamwachia mtu sikio la sura ya kawaida. Likipona anaweza kuoga, kuvaa kifaa cha kusikia bila shida, na vifupa vikitengenezwa upya nafasi ya kusikia ni nzuri zaidi. Gharama yake ni kwamba daktari anafanya kazi nyuma ya kona. Mabaki ya kolesteatoma hubaki au hurudi mara nyingi zaidi kuliko ukuta ukibomolewa. Kwa hiyo njia hii huja na deni: kurudi baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili hivi, sikio lifunguliwe tena kuangaliwa, au lipigwe MRI maalumu.

Kuubomoa ukuta kunafanya vyumba viwe kimoja, chenye mlango mpana. Kila kitu kinaonekana kliniki kwa taa, na ugonjwa ukirudi unaonekana mapema. Mgonjwa naye anabaki na pango. Pango linahitaji kusafishwa kila miezi sita hadi kumi na miwili, maisha yake yote. Maji yakiingia, hasa ya baridi, yanaleta kizunguzungu na usaha. Kwenye joto na unyevu wa pwani yetu fangasi hupapenda mno. Pango zuri halitokei kwa bahati: mpasuaji ashushe ukuta mpaka usawa wa neva ya uso, asiache kingo, na apanue mdomo wa mfereji vya kutosha. Mapango mengi yanayolia usaha miaka kumi baadaye yana ukuta ulioachwa juu na mlango mwembamba. Siku hizi pango linaweza kujazwa kwa unga wa mfupa, gegedu au msuli ili libaki dogo, mradi daktari ana uhakika hajafukia ugonjwa ndani.

Ipo njia ya kupitia mfereji wenyewe, kwa kamera nyembamba, bila kukata nyuma ya sikio au kwa kukata kidogo. Inafaa kolesteatoma ndogo iliyokaa chini ya ngoma au kwenye dari ya sikio la kati. Ikishaingia ndani ya mfupa wa nyuma, kamera peke yake haitoshi. Daktari anatumia mkono mmoja kushika kamera, na damu ikiwa nyingi kazi inamwia ngumu.

Kuchonga mfupa wa nyuma pekee, kama alivyokuelezea daktari Hermann Schwartze huko Ujerumani mwaka 1873, bado ndiyo kazi ya kuokoa maisha pale usaha umejaa mfupani bila kolesteatoma. Na mwisho kabisa ipo ya kusafisha kila kitu, kujaza nafasi kwa mafuta ya tumboni na kushona mlango wa sikio usiwepo tena. Hiyo ni kwa sikio lililokwisha kufa kiusikivu, lililopasuliwa mara kadhaa bila kutulia, au linalovuja maji ya ubongo.

Hatua ya sita: madhara yaliyokwisha kutokea yanabadilisha mpangilio

Jipu nyuma ya sikio kwa mgonjwa aliye hoi hupasuliwa usaha utoke kwanza, antibaotiki zianze, halafu mfupa uchongwe akishatulia. Chanzo kikiwa kolesteatoma, kuacha ukuta mara nyingi huwa ni kutafuta upasuaji wa pili wa haraka.

Jipu la ubongo ni la madaktari wa ubongo kwanza. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambayo pia ndiyo yenye upasuaji wa ubongo, iko eneo moja na Muhimbili ya Upanga, na ukaribu huo ni neema. Usaha wa ubongo hutolewa, na sikio hufanyiwa kazi siku hiyo hiyo au mgonjwa akipata nguvu. Sikio lisisahauliwe baada ya kichwa kupona. Chanzo kikiachwa, jipu hurudi.

Uso uliopinda kwa sababu ya kolesteatoma haungojei miezi. Upasuaji ufanyike mapema, na neva isafishwe pande zote mpaka penye uzima. Damu iliyoganda kwenye mshipa mkubwa hutibiwa kwa antibaotiki na kuchonga mfupa. Kuhusu dawa za kuyeyusha damu madaktari hawajaafikiana, kwa hiyo usishtuke wawili wakikupa majibu mawili.

Tundu kwenye mfereji nusuduara ndilo jambo linalotaka mkono mtulivu kuliko yote. Ngozi ya kolesteatoma ndiyo kifuniko pekee kilichobaki hapo. Ikivutwa ovyo, sikio linaweza kufa kabisa mezani. Baadhi ya wapasuaji huiacha ngozi hiyo mahali pake na kubomoa ukuta ili iwe wazi. Wengine huitoa mwishoni kabisa na kuziba papo hapo kwa utando. Mimi nasema hivi: ikiwa hilo ndilo sikio pekee linalosikia, njia ya kuacha ngozi na kubomoa ukuta ndiyo ya busara.

Hatua ya saba: yapime maisha ya mgonjwa

Mama mmoja wa Mkuranga alileta mtoto wa miaka tisa. Kwa umri, kwa CT na kwa usikivu wake, kila kitu kilisema tuache ukuta. Kabla ya kuandika nikamuuliza.

"Mama, mtaweza kurudi baada ya miezi tisa tulifungue tena?"

"Dokta, nisikudanganye. Nauli ya leo nimeazima kwa shemeji."

Jibu hilo lina uzito sawa na picha ya CT. Kolesteatoma ya watoto hukua kwa kasi, na deni la kurudi lisilolipwa linaweza kuishia kwenye ubongo. Mgonjwa asiyeweza kurudi ni bora abomolewe ukuta kwa mara moja iliyofanywa vizuri. Lakini hata pango linataka kusafishwa, kwa hiyo swali linalofuata ni nani aliye karibu na kwao mwenye taa, mashine ya kunyonya na ujuzi. Kwa mtoto huyo tulianza kwa kutafuta hospitali ya karibu, ndipo tukapanga siku.

Kuna maji pia. Mwenye pango anayetawadha mara tano kwa siku anaweza kupangusa sikio kwa kidole kilicholowa bila kuzamisha maji. Wakati wa josho la mwili mzima aweke pamba iliyopakwa mafuta ya mgando mdomoni mwa sikio, na akiona ugumu azungumze na shehe wake kuhusu nafuu ya mgonjwa. Anayetarajia ubatizo wa kuzamishwa amweleze mchungaji mapema. Mvuvi wa Kunduchi au Kigamboni anayezamia pweza yuko kwenye hesabu tofauti: pango linaweza kumnyima kazi, na kupata kizunguzungu chini ya maji ni kifo. Huyo anastahili kuachiwa ukuta au kujazwa pango, kisha afuatiliwe kwa karibu, hata kama ugonjwa wake ungeruhusu njia rahisi zaidi.

Kifaa cha kusikia nacho kina neno lake. Pango hufanya kizibo cha kifaa, kile kinachoingia sikioni, kisikae vizuri na kilete usaha. Mtu ambaye usikivu wake hautarudi kwa upasuaji, na atategemea kifaa, aseme mapema.

Hatua ya nane: maswali ya kumuuliza mpasuaji

Muulize atakuwa anakusudia kuacha ukuta au kuubomoa, na nini kitakachomfanya abadilishe nia akishafungua. Kubadilisha njia katikati ni jambo la kawaida, hivyo fomu ya ridhaa itaje njia zote mbili. Uliza kama kuna mashine ya kufuatilia neva ya uso. Uliza vifupa vitatengenezwa siku hiyo au baadaye. Wapasuaji wengi hungoja sikio litulie kwanza, na wako sahihi. Uliza atakusafisha nani baada ya hapo, na bima yako inalipia mahudhurio mangapi.

Mgonjwa aelezwe pia hatari bila kufichwa: uso kupinda, kuwa kiziwi wa sikio hilo, kizunguzungu, ladha kubadilika upande mmoja wa ulimi, maji ya ubongo kuvuja, ugonjwa kurudi. Nyingi ni nadra kwa mikono yenye uzoefu. Mabadiliko ya ladha ni ya kawaida zaidi, na mara nyingi hupungua baada ya miezi.

Hatua ya tisa: kabla na baada ya upasuaji

Kabla ya nusu kaputi, chakula kisiliwe kwa saa sita, maji matupu yakome saa mbili kabla. Mgonjwa akizinduka, mwambie atabasamu na afumbe macho. Uso ukiwa haufuati, muuguzi aitwe hapo hapo. Bandeji kubwa hutoka baada ya siku moja au mbili, nyuzi baada ya wiki moja hivi, utambi wenye dawa ulio ndani baada ya wiki moja hadi tatu kadiri daktari atakavyosema. Asipenge kamasi kwa nguvu, akipiga chafya aachame. Sehemu ya juu ya sikio kuwa na ganzi kwa miezi si tatizo.

Pango huchukua kama miezi miwili au mitatu kukauka, na katika muda huo majimaji kidogo si dalili ya kushindwa. Ukianza kusikia harufu ile ya zamani, rudi. Likishakauka, kliniki ya kila miezi sita hadi kumi na miwili iendelee maisha yote, kwa kuwa kolesteatoma inaweza kurudi baada ya miaka mitano na zaidi. Kila mara unaporudi, sikio la upande wa pili liangaliwe pia. Mirija inayopitisha hewa kwenda masikioni hushindwa pande zote mbili kwa watu wengi, na ngoma iliyoanza kuvutwa ndani ikionekana mapema inaweza kutibiwa kabla haijafika kwenye mjadala wa ukuta.